Wanawake Walionilea: Kumbukumbu za Kisarawe na Kibaha

Tulipokuwa shuleni miaka ya sitini, mashujaa wa nchi hii tulifundishwa kwa orodha. Mwalimu alitaja jina, nasi tukaitikia kwa sauti moja: Mkwawa, Mirambo, Abushiri, Kinjikitile. Kwetu Uzaramo tulimwongeza Kibasila, jumbe wa Kisangire, aliyechukizwa na pamba ya Wajerumani na akanyongwa wakati wa Vita vya Majimaji. Katika orodha ile hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hata Mkomanile, mtawala wa Kingoni aliyenyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wanaume wengi, jina lake nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu.

Sisemi haya kwa kulalamika. Mwalimu alifundisha alichofundishwa. Lakini niliporudi nyumbani jioni, niliowaona wakiendesha mambo walikuwa wanawake. Ndiyo sababu nimeona niandike habari za watu watatu, wawili walionilea kwa mikono yao na mmoja ambaye sikuwahi hata kupeana naye mkono. Huyo wa tatu ni Bibi Titi Mohamed. Wa kwanza ni bibi yangu mzaa mama, na wa pili ni mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeishi Kibaha.

Nilizaliwa mwaka 1958 katika kijiji kimoja cha Kisarawe, upande wa barabara iendayo Maneromango. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwa Bibi, kama ilivyokuwa desturi kwa mtoto wa kwanza, na sikuondoka kwake mpaka nilipokwenda sekondari. Bibi hakujua mwaka aliozaliwa. Alichojua ni kwamba mama yake alikuwa mwari wakati wa Majimaji, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatambaa Wajerumani walipoondoka na Waingereza wakaingia. Hesabu hiyo inatuweka kwenye mwaka 1915 au 1916 hivi.

Kazi yake ilikuwa kilimo: mihogo, mpunga kidogo bondeni, na miti. Miti nitaieleza baadaye kwa kuwa ndiyo iliyotuletea kesi. Wakati wa mihogo na machungwa aliamka usiku wa manane yeye na wenzake, wakajitwisha vikapu, wakapita Pugu na kushuka mpaka Kariakoo. Ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Walifika jua halijawa kali, wakauza, wakalala kwa jamaa zao Gerezani au Ilala, kesho yake wakarudi na chumvi, mafuta ya taa na habari. Msomaji wa leo anayepanda daladala kutoka Kisarawe mjini akalalamika kwamba limejaa, afikirie kikapu hicho kichwani.

Mbali na kilimo Bibi alikuwa kungwi. Hilo lilimpa heshima kubwa kuliko ya mume wake, ingawa babu hakupenda lisemwe. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Zamani za mama yake Bibi mwali aliweza kukaa ndani mwaka mzima na zaidi, asione jua, mpaka ngozi iwe nyeupe na mwili unenepe, ndipo atolewe kwa ngoma. Makungwi walimpeleka chini ya mti wa mkole, wakamfundisha mambo ya mwili, ya ndoa, ya uzazi, na adabu ya kuishi na watu. Bibi alikuwa na mwana hiti wake, kisanamu cha mti chenye kichwa na vishungi viwili, mwili kama kigogo kisicho na mikono, ambacho mwali alikilea kama mtoto. Alikirithi kwa bibi yake. Leo vinyago vya aina hiyo vimo katika makumbusho ya Ulaya ndani ya masanduku ya vioo, na vibao vinaeleza kwamba ni sanaa ya Wazaramo. Kwetu kilifungwa kwenye kitambaa na kukaa darini, na ole wake mtoto aliyekigusa.

Sasa nije kwenye siasa, maana ndiyo njia iliyomleta Bibi Titi nyumbani kwetu.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu Nyerere wakati ule alikuwa anafundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, jirani kabisa na kwetu, mpaka alipoacha kazi hiyo mwezi Machi 1955. Kila mzee wa upande wetu husema alipishana naye njiani akienda mjini kwa miguu. Bibi naye alisema hivyo, nami sikuwahi kumwamini sana, kwa kuwa katika masimulizi yake Mwalimu alimsaidia hata kikapu. Lakini habari ya Bibi Titi ninaiamini, maana aliisimulia kwa namna ile ile kila mara, bila kuiongeza chumvi.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka minne tu. Alijulikana mjini kwa sauti yake, katika maulidi na katika ngoma, akiwa mwimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alifika mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa Chama cha Labour, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Wanaume walikuwa na wake, dada na mama, lakini katika mkutano hawakuwa na mwanamke wa kumwonyesha. Akatafutwa Bibi Titi. Mwezi Julai mwaka ule wanawake kama 400 walikutana, wakamchagua awe mwenyekiti wa kitengo chao, na Tatu binti Mzee awe msaidizi wake. Katika muda wa miezi mitatu hivi waliandikisha wanawake zaidi ya 5,000.

Watu huulizana iliwezekanaje. Wengine hudhani ni ufundi wa hotuba tu. Ufundi aliukuwa nao, la hasha siukatai, lakini nadhani sababu ni mbili, na zote Bibi alizijua bila kusoma kitabu. Ya kwanza, mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika waliokuwa watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, tarishi na mwalimu wa serikali walikuwa na mshahara wa kupoteza. Muuza mihogo, muuza maandazi na mpika pombe walikuwa wapoteze nini? Kadi waliziweka ndani ya kanga, nyingine za waume zao waliokuwa wakiogopa. Ya pili ni ngoma. Vikundi vya lelemama na maulidi vilikuwa na viongozi, michango, sare, na desturi ya kuitana kwenye msiba na harusi. Mmanyema, Mzaramo, Mrufiji na Mnyamwezi walicheza katika kikundi kimoja. Basi chama hakikuhitaji kujenga matawi ya wanawake kutoka chini. Yalikuwapo tayari yakicheza, na kilichotakiwa ni mtu wa kuyaambia jambo.

Bibi alimsikia mara ya kwanza Mnazi Mmoja, katika safari moja ya mihogo. Hakuelewa yote, alisema, kwa kuwa alisimama nyuma na kikapu. Alichoshangaa ni kuona mwanamke Mwislamu, wa rika la wadogo zake, anasema mbele ya maelfu ya wanaume na hakuna anayemwambia akae. Alirudi Kisarawe na kadi. Babu alikasirika siku tatu. Siku ya nne Bibi alimpelekea uji akamwambia kwamba kama anaona haya kuwa mume wa mwanachama, basi naye aikate yake wawe sawa. Akaikata.

Makungwi ndio waliokuwa wenezi wa TANU upande wetu. Katika ngoma ya kumtoa mwali, ambapo askari wa serikali hakuweza kuingia kwa sababu ni mambo ya wanawake, waliimba nyimbo za mkole na katikati wakaingiza maneno ya chama. Mkuu wa wilaya angepata wapi ripoti ya mambo hayo? Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961 nilikuwa na miaka mitatu, na ninachokumbuka, au ninachodhani nakumbuka, ni mwanga wa mioto na kubebwa mgongoni na mtu anayeruka.

Baada ya uhuru Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioanzishwa mwaka 1962. Alikuwa mbunge na kushika madaraka serikalini. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na miiko yake ikakataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu. Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka 1970 akashitakiwa pamoja na wengine kwa uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Rais alimsamehe mwaka 1972.

Nyakati zile nilikuwa msichana wa darasa la tano na la sita, na nakumbuka ukimya. Watu waliokuwa na picha zake ukutani waliziondoa. Nyimbo zenye jina lake hazikuimbwa tena. Mjumbe wa nyumba kumi wa kwetu, mtu mwema kabisa, alikuja kumshauri Bibi kwamba asimtaje taje. Bibi alimkaribisha, akampa kiti na maji, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia, “Mwanangu, kosa lake mimi silijui, labda wakubwa wanalijua. Lakini sauti yake naijua. Na wewe ulibebwa mgongoni siku hiyo.” Hakumtaja zaidi kuliko zamani, wala hakumtaja kidogo kuliko zamani.

Nimeishi na viongozi wengi tangu hapo, wakipanda na kushuka, na watu wakizibandua na kuzibandika picha. Sijaona aliyenifundisha jambo hilo vizuri kuliko mwanamke yule ambaye wakati huo hakujua kusoma.

Na hapo ndipo lilipoingia jambo la kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yalianzishwa kila mahali, chini ya miembe, kwenye ofisi za TANU, msikitini baada ya alasiri. Walimu hawakutosha, kwa hiyo tuliosoma kidogo tuliitwa kusaidia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa bibi yangu mwenyewe. Ukitaka kujua shida ya ualimu, mfundishe mtu aliyekufunga nepi. Alibishana na herufi. Aliuliza kwa nini ‘b’ na ‘d’ zimetazamana kama watani. Alikataa kuandika neno ‘pamba’ ambalo lilikuwa kwenye kitabu, akasema pamba ilituua. Nikamwandikia ‘mkorosho’. Neno lile lilimshinda wiki nzima, akalala nalo, akaamka nalo, mwishowe akaliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni na halikufutwa mpaka nyumba ilipobomolewa.

Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika nchini walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Wapo waliozitilia shaka takwimu hizo, wakisema wengi walihesabiwa kwa kujua jina lao tu. Inawezekana. Lakini mtu aliyeacha kuweka dole gumba na kuanza kuandika jina lake amevuka kitu, na asiyewahi kuchovya dole gumba kwenye wino mbele ya karani anayemcheka hawezi kukipima kitu hicho.

Mwaka 1972 nilikuwa darasa la saba, na miezi michache kabla ya mtihani nikavunja ungo. Habari ya namna hiyo kijijini haifichiki. Makungwi walikuja. Wenzangu wawili wa darasa letu walikuwa wamekwisha kuwekwa ndani mwaka uliotangulia, na hawakurudi shule. Walitoka ndani wakaolewa. Mimi nilikuwa mjukuu wa kungwi mkuu. Kama kuna msichana ambaye alitakiwa akae ndani kwa kanuni zote, ndiye mimi. Nililia usiku kucha, si kwa kuogopa mila, bali kwa sababu nilitaka mtihani.

Bibi hakunituliza. Asubuhi aliwaketisha wenzake uani, akawaambia kwamba mwali wake ataingia ndani likizo ya Desemba, siku ishirini na moja, baada ya mtihani. Palizuka mabishano ambayo niliyasikia yote kupitia ukuta wa udongo. Mmoja alisema mkole hautamtambua. Mwingine alisema Bibi anaharibu kazi aliyorithi, na kwamba akifanya yeye, kila mtu atafanya. Bibi akajibu kwamba ndiyo, anataka kila mtu afanye. Akasema mila ameipokea yeye na ataikabidhi yeye, na aliyeipokea ndiye anayejua ipi ni nyama na upi ni mfupa. Kufundishwa mambo ya utu uzima ndiyo nyama, giza la chumbani ni mfupa. Wawili waliondoka bila kuaga, na mmoja wao hakuzungumza naye tena hadi kifo. Walikuwa marafiki wa safari za Kariakoo tangu usichana wao. Gharama hiyo alilipa yeye, si mimi.

Nilifanya mtihani. Desemba nikaingia ndani siku ishirini na moja, nikafundishwa yote, nikapewa mwana hiti nimlee, nikatolewa kwa ngoma ndogo. Januari nikaenda Jangwani, Dar es Salaam, kidato cha kwanza. Mwaka uliofuata wasichana wanne wa kijijini waliwekwa ndani wakati wa likizo.

Ada haikuwa kubwa siku zile, lakini msichana wa sekondari anahitaji viatu, sabuni, godoro, nauli. Hapo ndipo anapoingia Mama Mdogo wa Kibaha.

Serikali za nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilifanya mapatano na Tanganyika mwaka 1963, na pale Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, pakajengwa kituo kikubwa: shule ya sekondari, kituo cha afya cha Tumbi, na mafunzo ya wakulima. Mwezi Januari 1970 kituo kilikabidhiwa kwa Tanzania, ndilo Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Shule ile ya sekondari ilikuwa ya wavulana, jambo ambalo Mama Mdogo hakuacha kulisema: “Wazungu wamevuka bahari kuja kusomesha wavulana. Wa karibu hawakuwepo?” Yeye alifika Kibaha mwaka 1965 akifuata mume, akapata kazi ya jikoni. Akajifunza kupika viazi kwa namna sita, na kusema ‘tak’ ambayo ni asante kwa Kidenmaki. Mpaka uzeeni mwake ukimpa kikombe cha chai alijibu ‘tak’, na majirani walidhani ni Kizaramo cha ndani.

Baada ya kazi alikaanga maandazi na mihogo, akauza stendi. Pesa ya maandazi ndiyo iliyoninunulia viatu. Pesa ya mshahara, pamoja na ya mume wake, iliinua nyumba ya vyumba sita pale Maili Moja. Tofali walifyatua wenyewe Jumapili. Likizo zangu mbili nzima nilizimalizia kwenye kuchota maji ya tofali hizo.

Mwaka 1981 mume alioa mke mwingine, na mwaka uliofuata akampa Mama Mdogo talaka. Alimwambia aondoke na vyombo vyake. Wazee waliokaa kusuluhisha walimwuliza swali ambalo wanawake wengi wa umri wetu wameulizwa: “Wewe uliweka tofali gani?” Aliwajibu kwamba tofali hazina majina. Mahakama ya chini aliyokwenda ilimpa godoro, masufuria na shilingi mia kadhaa za kumliwaza, ikasema nyumba ni ya aliye kwenye hati.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kusema kwamba mali iliyochumwa kwa juhudi ya pamoja igawanywe, na kila mmoja aangaliwe mchango wake. Ubishi ulikuwa juu ya neno mchango. Je, kupika, kufua na kulea ni mchango? Jibu lilitoka Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Majaji walisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda, kwa kuwa ilionekana alikwisha kupewa fedha na mumewe ambazo zilihesabiwa kuwa fungu lake. Nimewaza mara nyingi juu ya mwanamke huyo, aliyetoka mahakamani mikono mitupu na nyuma yake akaacha mlango wazi kwa wengine wote.

Mama Mdogo aliisikia habari hiyo mwaka 1984, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa karani na mteja wake wa maandazi. Wakati huo nilikuwa mwalimu, nikamsaidia kuandika rufani yake kwa mkono. Haikufika mbali, kwa sababu mume alipoona karatasi zile na jina la Mahakama ya Rufani ndani yake, aliita wazee tena. Mara hii swali la tofali halikuulizwa. Akapewa vyumba viwili vya uani na nafasi ya kujenga jiko, kwa maandishi. Vyumba viwili kati ya sita si haki, nami nilimwambia aendelee. Alikataa. Alisema amechoka, na kwamba yeye anataka mlango wenye ufunguo wake, si kushinda. Aliishi katika vyumba vile miaka ishirini na mitano, mpaka alipofariki mwaka 2009.

Lakini alikuwa amefanya jambo jingine, na hapa narudi kwenye miti ya Bibi.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilifika kwetu. Tulihamishwa kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani na kupangwa barabarani, kama kilomita saba kutoka nyumbani. Sina haja ya kurudia hoja za siasa ile. Shule na zahanati tulizipata kwa njia hiyo, na wengine walichomewa nyumba kwa njia hiyo. Pwani tatizo lilikuwa miti. Kwa desturi yetu mti ni wa aliyeupanda na wa wanawe, hata ukisimama kwenye ardhi ya mwingine. Mkorosho huwezi kuuhamisha. Korosho za Tanzania zilifikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja bei mbaya na ubwiri unga, na wanasema kweli. Lakini ongeza na hili: mwenye mti alikuwa mbali nao kilomita saba, na chini yake msitu ulikuwa umefunga.

Bibi, aliyekuwa amejua kuandika kwa miaka mitatu tu, alinunua daftari la kurasa 32. Kabla ya kuhama alizunguka shamba siku nne pamoja na Mama Mdogo, aliyekuja kutoka Kibaha kwa kazi hiyo, na akauandika kila mti. Hakuandika namba. Aliandika majina, maana miti yetu ilikuwa na majina: mkorosho wa msiba wa kaka, mkorosho wa njaa, mwembe wa mkunga, mnazi wa kadi ya TANU, ambao aliupanda wiki aliyorudi Mnazi Mmoja. Pembeni aliandika nani alikuwepo siku ya kupanda. Maneno mengine aliyakosea, na palipomshinda alichora. Ilikuwa miti 61 kwa jumla.

Bibi alifariki mwaka 1987. Miaka minne baadaye, mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, jina la Bibi Titi lilirudi magazetini kama shujaa wa ukombozi, na picha zikatolewa masandukuni. Leo ni jina la barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, akazikwa nyumbani kwa heshima. Nilisimama barabarani siku hiyo katika kundi la watu, na mwanamke wa umri wa mama yangu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amevaa kadi ya TANU shingoni, imetobolewa na kutiwa uzi.

Mashamba ya zamani yalianza kudaiwa tena. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta madai ya ardhi ya kabla ya vijiji, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, ikatamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha zikaja sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizosema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Wakati huo huo watu wa mjini waligundua Kisarawe. Mwaka 2004 tulisikia kwamba shamba la Bibi limeuzwa kwa mtu wa mjini na ndugu mmoja wa upande wa babu, aliyedai kwamba watoto wa kike hawana kitu pale.

Tulikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria inataka wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Walikuwapo watatu, na mmoja wao alikuwa binti wa yule kungwi aliyenuna mpaka kufa. Nilipomwona nilidhani tumekwisha. Mama Mdogo alitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaanza kusoma mti mmoja mmoja, na waliokuwepo. Alipofika kwenye mkorosho wa njaa akasoma jina la mama wa mjumbe yule. Mjumbe akaomba daftari alione mwenyewe. Akalitazama muda mrefu, akasema, “Huyu ni mama. Walipanda pamoja. Mti huo aliwahi kunionyesha.” Baraza likatoka kwenda shambani, na sisi nyuma yao tukifyeka njia.

Miti 61 ilikuwa imebaki 23. Tulirudishiwa sehemu ile yenye miti, kama nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikwisha kupimwa na kuwekwa mawe, na hatukuipata mpaka leo. Korosho tunaokota kila mwaka, binti yangu na mimi na wana wa Mama Mdogo, na fungu la mkorosho wa njaa tunampelekea mjumbe yule. Mnazi wa kadi ya TANU ulikufa kwa ukame. Tumeacha kisiki chake, na vijana wanaotuchumia wanakikalia wakati wa kula.